Umekunywa dawa leo?

Mwaka wa tatu huu natibiwa sonona. Dawa nishaizoea, amitriptyline nameza saa mbili usiku badala ya saa nne ili ule uzito wa asubuhi upungue niwahi kazini pale Mwanga, Kigoma, mdomo kukauka ndo hivo, natembea na chupa ya maji. Kilichonishinda sio ugonjwa, ni lile swali.

Nafanya kazi duka moja la jumla, sitalitaja. Nilikuwa keshia, funguo za stoo nakaa nazo mimi, hesabu ikigoma naitwa mimi. Halafu kuna mtu akaniona nimekaa benchi la kliniki ya akili, wiki haijaisha funguo zikachukuliwa nikapelekwa nyuma kuhesabu katoni za sabuni, hakuna barua hakuna maelezo, eti "pumzika kwanza dada."

Sasa ikatokea elfu arobaini haionekani. Siku hiyo mi sikuwepo kabisa, nilikuwa hospitali, ila aliyeulizwa ni mimi. Nikapandisha sauti, nani asingepandisha? Bosi akaniangalia mbele ya wateja akasema, umekunywa dawa leo? Duka zima kimya. Nyuma yangu mtu akasema chinichini "Mirembe hiyo", yani ile hospitali ya akili ya Dodoma.

Jamani niliumia. Mwenzangu akifoka wanasema kachoka, ana njaa, kagombana na mumewe, mi nikifoka ni ugonjwa. Yani hasira yangu haihesabiki kuwa hasira hata pale nilipoonewa waziwazi, na hilo limenitesa kuliko hata kunyang'anywa funguo.

Jioni nikaenda kwa mama Ujiji. Nikamkuta anaanua dagaa, nikamsaidia huku nalia, hakuwa na maneno mengi, akasema tu mwanangu, si ulisomeshwa kuandika? Andika. Nikanunua daftari. Tarehe, saa, nani kasema nini, nani alikuwepo. Kwenye karatasi hakuna sauti ya kupanda, kwa hiyo hawana cha kusingizia.

Na ndo nikaanza kusoma. Kumbe zile siku za kliniki walizokuwa wananikata mshahara ni zangu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, mradi ulete cheti cha daktari. Sijaona mahali inapotenga ugonjwa wa akili. Na sheria hiyohiyo inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya ulemavu. Ukiachishwa kwa uonevu unaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ila usikae, una siku 30 tu.

Nikaandika barua, nikaambatanisha vyeti vinne. Bosi akaniita ofisini, akafunga mlango, akanirudishia hela za siku mbili, mbili zingine anasema ataangalia. Kaunta sijarudishwa. Usiku mwingine bado nalia, siwadanganyi.

Juzi kaniuliza tena, umekunywa dawa leo? Mikono ilikuwa inatetemeka nikaishika kwenye meza, nikamjibu taratibu: "Ndiyo bosi, nimekunywa. Sasa tuongee kuhusu zile siku mbili." Kliniki nyingine ni Jumanne, ruhusa nimeomba kwa maandishi na nakala ipo kwenye daftari.