Nilivyochagua siklidi wa kuanza nao kwenye tangi la lita 200

Wengi wakitaka siklidi, yaani samaki wa ukoo mmoja na sato na perege, wanaanza na rangi, mi nilianza na maji. Kabla sijanunua samaki hata mmoja nilipima maji ya bomba, pH (kipimo cha uchachu wa maji) ikaja kama 8 na maji yenyewe magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Hapo hapo nusu ya samaki niliokuwa nawatamani wakatoka. Ramirezi kwa mfano ni kasamaki kazuri mno, ila kwao ni Amerika Kusini, kanataka maji laini na joto la nyuzi 27 mpaka 30, sasa kukaweka kwenye maji yangu ni kukatesa tu. Ndiyo, unaweza kuyalainisha maji, lakini kila ukibadilisha unaanza hesabu upya, kwa anayeanza sishauri kabisa.

Afu angalia anafika wapi akikua. Siklidi anayeitwa oska unamkuta dukani ana urefu wa kidole, akikua anapita sentimita 30, mwingine anayeitwa frontosa naye hivyo hivyo, lita 200 hazimtoshi.

Nikabaki na wa Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na hao maji magumu ndiyo yao. Mbuna, wale siklidi wa Ziwa Nyasa wanaokaa kwenye miamba, niliwafikiria sana, hasa Labidochromis caeruleus yule wa njano ambaye ni mpole kuliko wenzake, lakini mbuna wengi ni wagomvi, inabidi dume mmoja apate majike kadhaa na tangi lijae kidogo ili ubabe usimwangukie samaki mmoja, na ukijaza hivyo filta lazima iwe ya nguvu kweli. Auratus, mbuna mwingine, ndo usimguse kabisa, anaua wenzake.

Nikaenda na wa Tanganyika, Neolamprologus multifasciatus, kwa kifupi multi. Dume mkubwa anafika kama sentimita 4 na nusu tu, jike mdogo zaidi, wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono, na eneo la kila mmoja ni dogo sana kwa hiyo kundi zima linakaa upande mmoja wa tangi bila shida. Niliweka mchanga laini wa kina cha sentimita 5 hivi, makombe nikayachemsha kwanza, nikaweka mengi kuliko samaki. Ukiwatazama kwa karibu utashangaa, anachota mchanga kwa mdomo, anautema pembeni, anarudi tena, mpaka kombe linazama na kubaki tundu la kombe tu juu, na hata mkono wako ukiingia kusafisha anakuja kuupiga. Yaani kasamaki kadogo vile! Jike anataga humo humo ndani, na watoto wanabaki kwenye kundi.

Upande wa pili nikapanga mawe kwa ajili ya Julidochromis transcriptus, siklidi wengine wa Tanganyika, wanapenda nyufa nyembamba. Mawe yakae kwenye sakafu ya tangi kabla ya mchanga, sio juu yake, maana hawa wa makombe wanachimba na jiwe likianguka linavunja kioo au linaua samaki. Hao Julidochromis nunua wadogo kama 6, waache wachaguane wenyewe, wawili wakishashikana wengine watafutie kwa kwenda. Wakishakaa usiwapangue mawe ovyo, wanaweza kugombana na ndoa ikafa.

Samaki waliingia mwisho kabisa. Filta iliwashwa kwanza wiki kadhaa tangi likiwa na maji bila samaki, natia chakula kidogo kinaoza ili bakteria wanaosafisha maji wapate amonia, sumu inayotoka kwenye uozo, wanayoigeuza kuwa naitraiti, sumu nyingine, kisha kuimaliza nayo, nikawa napima mpaka amonia na naitraiti zote zikasoma sifuri, ndo nikaleta multi, Julidochromis wakafuata baadaye. Hapa usikimbizane na mtu. Tangi linaonekana safi kabisa kumbe maji bado sumu, na macho hayawezi kukuambia, kipimo ndicho kinasema.

Sasa hivi nabadilisha kama robo ya maji kila wiki, joto nyuzi 25, chakula kidogo kidogo chembe ndogo maana midomo yao midogo. Kazi iliyobaki ni kuwatafutia watoto wa ziada watu wenye tangi tayari, kwa sababu wanazaana kweli kweli.