Niliunganisha madeni, lakini si yote

Nilipoanza kutafuta mkopo mmoja wa kufuta mingine, nilikuwa nadaiwa sehemu tano: benki, kadi ya mkopo, duka lililonipa vyombo vya ndani kwa malipo ya awamu, na programu mbili za mikopo ya simu. Tarehe za marejesho zilitapakaa mwezi mzima, haikupita wiki bila mtu kunikumbusha. Mwaka uliotangulia kipato changu kiliyumba, malipo kadhaa yakachelewa, na alama zangu za mkopo, yaani namba ambayo wakopeshaji huitazama kupima kama utalipa, zikashuka. Hazikuwa mbovu kiasi cha kufungiwa mlango kila mahali. Zilikuwa zile za katikati: wanakukaribisha, wanakupa kiti, halafu wanakutajia riba.

Kila niliyemweleza alinipa ushauri uleule, kwamba nichukue mkopo mkubwa nilipe wote, nibaki na mdai mmoja. Ushauri huo una ukweli wake, kwa sababu mdai mmoja ni rahisi kumhudumia kuliko watano. Ila unamfaa zaidi mtu mwenye alama nzuri, ambaye karibu kila mkopo mpya atakaopewa utakuwa nafuu kuliko ule anaoufuta. Mtu wa alama kama zangu anaweza kukusanya madeni yake yote, akayafunga kwenye furushi moja, na furushi likawa zito kuliko jumla ya vilivyomo.

Kwa hiyo kabla ya kumwendea yeyote nilikaa na karatasi. Nilichotaka kujua hakikuwa salio linaloonekana kwenye simu, bali kiasi cha kufunga deni kabisa. Hivi ni vitu viwili. Riba huongezeka kila siku, faini za kuchelewa wakati mwingine hazijaingizwa, na baadhi ya mikataba ina ada ya kulipa kabla ya wakati. Nilimwomba kila mkopeshaji anipe kiasi hicho kwa maandishi, kikiwa na tarehe ambayo kingekuwa bado ni sahihi. Wawili walijibu siku hiyohiyo. Mmoja ilibidi nimsumbue sana. Anayekimbilia kukukopesha hana haraka ya kukuambia namna ya kuachana naye.

Karatasi ile ilinionyesha mambo ambayo kichwani yalikuwa yamepinduka. Mkopo wa benki, ulionitisha kwa ukubwa wake, ndio uliokuwa na riba ndogo kuliko yote, tena miezi iliyobaki ilikuwa michache. Katika mkopo wa marejesho sawa, riba nyingi hulipwa mwanzoni, wakati salio bado ni kubwa. Ukikaribia mwisho, karibu kila unachotoa kinakwenda kupunguza deni lenyewe. Kuuhamishia mkopo wa namna hiyo kwenye mkataba mpya ni kuanza upya kulipa riba ambayo ulishamalizana nayo. Deni la duka nalo, faida yao walishaiweka ndani ya bei ya awamu, na mkataba ulisema wazi kwamba kulipa mapema hakuna punguzo. Ningekopa ili kulifuta, ningelipa faida mara mbili.

Mikopo ya simu ndiyo iliyokuwa inaninyonya. Kila mmoja ulikuwa mdogo, na ada yake ilionekana ya kistaarabu: asilimia 10 kwa siku 30. Lakini asilimia 10 kwa mwezi ni 120 kwa mwaka, hapo bado hujaahirisha. Ukiwa unaahirisha kila mwezi na ada inaongezwa juu ya deni, 100 ya mwezi wa kwanza inakaribia 314 mwaka ukiisha. Kadi ya mkopo ilifuata, kwa riba ya chini ya hapo lakini isiyo na mwisho, maana kile kiwango cha chini cha malipo kilikuwa kinatosha kulipia riba na kukwangua deni kidogo tu.

Kabla ya kuomba mkopo nilichukua pia taarifa yangu kutoka ofisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji. Kujiangalia mwenyewe kwa kawaida hakupunguzi alama. Kinachoacha alama ya vidole ni maombi ya mkopo, hasa ukiyatuma mengi ndani ya muda mfupi, kwa sababu mkopeshaji anayefuata huyaona na kujiuliza wewe una njaa gani. Ndani ya taarifa nilikuta deni la zamani ambalo nilishalilipa, limeandikwa kwamba bado liko wazi na limechelewa. Risiti nilikuwa nayo. Niliandika pingamizi, nikaambatanisha risiti na barua ya mkopeshaji yule, nikasubiri. Ilichukua wiki kadhaa, na nilizuia mikono yangu isiombe chochote mpaka irekebishwe. Ilipofutwa, alama zilipanda kwa kiasi ambacho kilinihamisha daraja kwa baadhi ya wakopeshaji.

Zile kuchelewa za kweli zilibaki. Taarifa sahihi haiondolewi kwa pesa, na wote walionitumia ujumbe wakiahidi kunisafishia jina kwa malipo ya awali niliwahesabu kama wezi, maana kosa la kweli kwenye taarifa unaweza kulipinga mwenyewe. Kinachosaidia ni muda na malipo mapya yanayoingia kwa wakati. Mfumo wa FICO, unaotumika sana Marekani, unaonyesha uzito wa mambo haya: historia ya malipo hubeba asilimia 35 ya alama na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Mifumo hutofautiana, lakini sijakutana na mkopeshaji asiyeanza na swali la kama unalipa kwa tarehe.

Sasa nikaanza kuzungusha maombi. Niliuliza kwanza wale wanaokubali kutoa makadirio bila kuandikisha ombi rasmi, na hapo ndipo hesabu ilipoanza kuwa tamu.

Wa kwanza alinitajia asilimia 12 kwa mwaka. Ukilinganisha na kadi yangu, ni zawadi. Nikauliza inakokotolewa juu ya nini. Juu ya mkopo wa mwanzo, akasema, kama jambo dogo. Tuchukue 100,000, ya fedha yoyote, kwa miezi 12: riba ni 12,000, rejesho ni kama 9,333 kila mwezi. Tatizo ni kwamba kila mwezi unapunguza deni, ila riba inaendelea kudai kana kwamba bado unashikilia 100,000 yote. Ukiigeuza iwe riba inayokokotolewa juu ya salio linalopungua, ile 12 inakuwa karibu 21 na nusu. Juu yake kulikuwa na ada ya kushughulikia mkopo, asilimia 5, inayokatwa kabla hujapewa pesa. Yaani unatia mkononi 95,000, unalipa riba juu ya 100,000, na kama madeni unayotaka kuyafuta ni 100,000 kamili, utatafuta 5,000 nyingine mahali pengine. Pengine kwenye programu ya simu.

Wa pili alikuwa mkweli zaidi kuhusu riba, asilimia 20 juu ya salio, lakini alinipendekezea miezi 48. Afisa mikopo yule alikuwa mcheshi na mvumilivu, alinimwagia maelezo, na nilipoendelea kudadisi akacheka.

"Kaka, unahangaika na riba ya nini? Angalia rejesho. Hili si unaliweza?"

Niliweza, ndiyo. Kwa 100,000 lilikuwa kama 3,043 kwa mwezi. Lakini nilizidisha mara 48 pale pale mbele yake: riba ya jumla inakaribia 46,000. Mkopo wa asilimia 30 unaolipwa ndani ya miezi 12 ungenitoza riba ya takriban 17,000 tu, japo rejesho lake lingekuwa zito, kama 9,749. Riba ya juu, gharama ndogo. Riba ya chini, gharama karibu mara tatu. Muda ndio uliofanya kazi hiyo. Nikamwomba miezi 24: rejesho 5,090, riba kama 22,000. Akasema kwa alama zangu mfumo unamruhusu 48 tu, kwani rejesho kubwa lingehesabiwa kuwa hatari. Nikamshukuru nikaondoka. Huyo sina ubaya naye. Alikuwa anauza alichopewa auze.

Wa tatu alitaka hati ya nyumba. Kwa dhamana hiyo riba ilishuka vizuri, sikatai, na kuna watu ambao kwao ni uamuzi wa busara. Mimi niliona hivi: mdai wa kadi nikishindwa atanisumbua, atanipeleka mahakamani pengine, lakini hawezi kuuza paa ninalolalia bila kupitia mahakama kwanza, kwa sababu hakuna karatasi inayompa ruhusa. Sababu ya kwenda kumpa mtu mwingine karatasi hiyo, kwa ajili ya madeni ambayo hayakuwa na dhamana, sikuiona.

Mdogo wangu alijitolea kunidhamini. "Kaka, wewe lete fomu nisaini," alisema, na ningemchukua, tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anajipanga kuomba mkopo wa nyumba. Mdhamini habebi jina tu. Nikichelewa, anadaiwa yeye, na sehemu nyingi dhamana yenyewe huhesabiwa kama mzigo wake anapoomba mkopo. Nilimwambia hapana na akanuna kidogo.

Mkopo niliupata kwenye chama cha akiba na mikopo nilichokuwa mwanachama kwa miaka, ambacho kwa sababu nisizoweza kuzieleza nilikuwa nakichukulia kama mahali pa kuweka akiba basi. Vyama vya namna hii vinatazama mambo ambayo mfumo wa alama hauyaoni sana: umekuwa ukichangia muda gani, uliruka miezi mingapi, una akiba kiasi gani pale. Akiba yangu yenyewe ilifungwa kama sehemu ya dhamana, kwa hiyo hatari yao ikapungua na riba nayo. Ilikuwa asilimia 18 juu ya salio, miezi 24. Walikuwa na sharti moja: pesa haziingii kwangu, wanawalipa wadai moja kwa moja. Wenzangu wengine kwenye chama hulalamikia sharti hilo. Mimi nililipenda. Pesa ya kufuta deni ikilala kwenye akaunti yako usiku mmoja, asubuhi inakuwa na mipango mingine.

Niliomba ya kutosha mikopo miwili ya simu na kadi. Ya benki na ya duka nikaiacha iishe yenyewe. Kamati ilishangaa kidogo. Walishazoea watu wanaoomba kiwango cha juu kabisa wanachoruhusiwa. Niliwaonyesha karatasi yangu. Pia nilichagua rejesho lililo chini ya uwezo wangu kamili, tofauti ile ikawa inakwenda kwenye akiba ndogo ya dharura, kwa sababu kilichonipeleka kwenye mikopo ya simu mwanzoni kilikuwa kukosa pesa ya ghafla. Bila akiba hiyo ningerudi kule kule, safari hii nikiwa na deni la chama juu yake. Waswahili husema dawa ya deni kulipa, na ni kweli, ila dawa nayo ina kipimo.

Baada ya wadai kulipwa niliomba barua kutoka kwa kila mmoja kwamba hadai kitu, kisha baada ya muda nikachukua tena taarifa yangu kuhakikisha imeandikwa hivyo. Mmoja alikuwa ameacha kiasi cha senti tu, riba ya siku mbili kati ya tarehe ya barua na tarehe ya malipo kufika. Kiasi kisichonunua chochote, lakini kingekaa pale kikihesabiwa kuchelewa. Nililipa, nikadai barua nyingine.

Kadi sikuifunga. Kuifunga kungepunguza kiwango changu cha mkopo kilicho wazi, na kwa mifumo mingi uwiano kati ya unachodaiwa na unachoruhusiwa kudaiwa una uzito. Niliomba tu kikomo chake kishushwe hadi kiasi nisichoweza kujiumiza nacho, ingawa hilo nalo linapunguza kiwango kilicho wazi, nikaiacha ilipie bili moja ya kila mwezi inayojilipa yenyewe. Programu za simu nilizifuta, lakini kwanza niliingia kwenye mipangilio nikaondoa ruhusa ya kusoma anwani na ujumbe wangu. Waliendelea kunitumia ofa kwa miezi. Kikomo kilikuwa kinapanda kila ujumbe, kumbe nilikuwa mteja mzuri.

Alama zilishuka kidogo mkopo mpya ulipoandikwa, jambo la kawaida, kisha zikaanza kupanda taratibu. Deni la duka lilipoisha, pesa yake niliielekeza kwenye mkopo wa chama badala ya kuiacha itafute matumizi. La benki lilipoisha nikafanya vilevile. Na baada ya zaidi ya mwaka wa kulipa bila kuchelewa niliandika barua kuomba riba ipitiwe upya. Walinipunguzia pointi mbili. Karani aliniuliza kama nataka rejesho lishuke sasa kwa kuwa riba imeshuka. Nilimwambia aliache palepale, akate miezi.