Debe Moja na Nusu, Kwenda na Kurudi

Nilianza kazi ya barabarani nikiwa utingo, na utingo hafundishwi kuendesha kwanza, anafundishwa kuhesabu mafuta. Tajiri wetu pale Dar alikuwa akitupimia dizeli ya kufika Tunduma kwa kalamu. Lori limeshiba mzigo, lita moja kilomita mbili, njia zaidi ya kilomita 900, basi chukueni hizi, zikipungua mtajua wenyewe. Zikizidi pia alitaka kujua.

Kwa hiyo mwezi wa nane mwaka 2024, nilipokwenda Buffalo, jimbo la New York, kumsalimia mdogo wangu, kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho tulipotoka uwanja wa ndege kilikuwa bei ya petroli. Haikunichosha kuitafuta. Sheli za kule zinaweka bei juu ya nguzo ndefu, na namba zinawaka kama tangazo la muziki wa dansi. 3.49, halafu pembeni kitarakimu kidogo cha 9, kama kimesahauliwa.

Nikapiga hesabu kimyakimya. Dola tatu na nusu, kila dola shilingi 2,700, inakuja 9,400 na ushee. Kwetu mwezi ule lita ilikuwa inazungukia 3,200 pale Dar. Nikamwambia mdogo wangu, nyie watu mnaishije huku?

"Kaka, hiyo ni bei ya galoni."

"Galoni la ukubwa gani?"

Akacheka akidhani namtania. Sikuwa namtania. Kwetu Tanga galoni ni chombo, si kipimo. Kuna galoni la lita tano la mafuta ya kupikia, kuna galoni la lita kumi, likishakuwa la ishirini tunaliita dumu. Ukimtuma mtoto dukani na galoni, muuzaji atakuuliza swali hilohilo nililouliza mimi.

Galoni ya Marekani ni lita 3.785. Gawanya, na dola tatu na nusu inashuka mpaka senti 92 na kidogo kwa lita, yaani kama shilingi 2,500. Ghafla nchi ikawa ya bei rahisi. Dakika moja nyuma nilikuwa nawaonea huruma, dakika ya pili nawaonea wivu, na bango ni lilelile. Wivu uliongezeka mdogo wangu aliponiambia kima cha chini cha mshahara upande ule wa jimbo, mwaka ule, kilikuwa dola 15 kwa saa. Saa moja ya kufagia duka, lita 16. Sikutaka kuendelea na hesabu hiyo.

Kile kitarakimu cha 9 ni sehemu tisa za kumi ya senti. Bei kamili ni dola tatu, senti 49 na sehemu tisa. Hakuna sarafu ya kulipa kipande hicho. Hata nusu senti waliacha kuitengeneza mwaka 1857. Lakini sheli zote zinayo, na wenyeji hawaioni kabisa, kama sisi tusivyoona vumbi.

Safari yenyewe ilikuwa ya harusi. Binti wa binamu yetu alikuwa anaolewa Mississauga, upande wa Kanada, na mimi nilishahangaika na viza zote mbili kwa ajili ya siku hiyo. Asubuhi ya Ijumaa tukaingia kwenye Corolla ya mdogo wangu, yeye, mke wake, mtoto wao na mimi. Mshale wa mafuta ulikuwa katikati. Mdogo wangu akataka kupitia sheli. Nikamwambia, na hapa ndipo ukubwa unapomponza mtu, tutajaza mbele, lori halijazwi mafuta nyumbani kabla hujajua bei ya njiani. Akanitazama, akasema, "Haya kaka." Mdogo akikuitikia hivyo bila ubishi, jua kuna jambo analijua.

Daraja la Peace Bridge lilifunguliwa mwaka 1927, na linavuka mto Niagara pale unapotoka ziwa Erie. Dakika chache tu umehama nchi. Afisa akauliza tunakwenda wapi, tukasema harusini, akauliza tumebeba nini, tukasema zawadi na vitenge, tukapita. Tukawa Fort Erie.

Sheli ya kwanza bango lake lilisema 158.9. Shilingi? Peso? Mdogo wangu akaeleza kwamba hizo ni senti, dola moja na senti 58.9. Nikapaza sauti, simama! Huku dola moja na nusu, kule dola tatu na nusu, na daraja lenyewe halina hata urefu wa kuchosha mtembea kwa miguu. Akasimama. Mke wake alikuwa amegeukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Nilishuka mwenyewe. Pampu za huko hazina mhudumu wa kukuwekea mafuta, unajihudumia. Niliwahi kushindwa Buffalo siku mbili kabla, kwa sababu pampu iliniomba namba ya posta ya mtaa wa kadi yangu, na kadi ya Tanga haina mtaa inaoujua pampu ya Buffalo. Safari hii nikaenda dirishani, nikalipa dola 20, nikarudi kushika bomba. Namba zikakimbia, kisha zikakwama kwenye 12.59. Nikasubiri ziendelee. Nikalitikisa bomba kidogo, kama tunavyofanya kwetu kukamua tone la mwisho.

"Kaka, hizo ni lita," akasema mdogo wangu kwa upole ambao uliniuma kuliko kicheko. "Na dola ni za Kanada."

Basi nikatoa kalamu. Dola ya Marekani moja ilikuwa inabadilishwa kwa kama dola 1.37 za Kanada. Lita ya Fort Erie ikatoka dola 1.16 za Marekani, shilingi 3,100 na kitu. Karibu sawasawa na Dar! Nimevuka bahari, nimevuka na mto, nimekuja kununua mafuta kwa bei ya Dar. Kwa zile lita 12 na nusu, nilitupa kama dola tatu za Marekani ukilinganisha na sheli tuliyoiacha kwa kiburi changu. Dola tatu ni shilingi elfu nane, chipsi mayai sahani mbili. Sikufilisika, ila sikusema neno mpaka St. Catharines.

Wakanada waliachana na galoni kwenye pampu kuanzia mwaka 1979, na galoni waliyoiacha si hii ya Wamarekani. Ilikuwa ya Waingereza, lita 4.546. Hapo ndipo nilipokumbuka debe. Wazee wetu walipima mahindi kwa debe na maji kwa debe, na debe lenyewe lilikuwa bati la mafuta ya taa, la galoni nne za Kiingereza, lita 18 na kidogo. Bati lilipoisha mafuta liligeuka ndoo, kipimo cha sokoni, ngoma ya watoto, likikunjuliwa likawa paa. Kumbe miaka yote hiyo nilipokuwa nabeba debe la maji kichwani pale Tanga, nilikuwa nimebeba galoni nne bila kuambiwa.

Barabara ya QEW, ile kuu ya kutoka Fort Erie kwenda Toronto, ni pana, haina shimo, na haina cha kusimulia kwa mtu aliyepita mlima Kitonga usiku. Kitu kimoja tu. Buffalo unaambiwa Toronto iko maili 100. Vuka, mambo yale yale yanakuwa kilomita 160, kama vile barabara imevutwa. Kibao cha mwendo kikaandika 100, nikaona mshale wa spidi kwenye gari letu uko 62, nikamwambia dereva aongeze, tutachelewa. Akanionyesha kidole kwenye dashibodi. Namba kubwa ni maili, zile ndogo za ndani ni kilomita. Angenisikiliza tungekuwa tunakimbia kilomita 161 kwa saa, na harusi tungeisikia kwa simu.

Mississauga tulipokelewa vizuri. Wanawake waliingia jikoni kwenye pilau, sisi tukabaki gereji kwenye viti vya plastiki, na wanaume wakikaa gereji mazungumzo yanaeleweka yatakwenda wapi. Mdogo wangu akasema Corolla yake inatoa 36. Binamu, mwenye nyumba, akasema gari lake linatumia 7.2. Shemeji yetu aliyetoka Leicester, Uingereza, akaweka kikombe chini akasema, "Mimi langu linanipa 40, na nimelinunua mkono wa pili." Akashangiliwa kama mshindi.

Nikaomba bahasha ya mchango, iliyokwishatolewa pesa.

Mdogo wangu alikuwa anasema maili 36 kwa galoni ya Marekani. Binamu alikuwa anasema lita 7.2 kwa kila kilomita 100, na kwa hesabu ya Kanada namba ikipanda gari ni mlafi, wakati kwa Marekani namba ikipanda gari ni zuri. Shemeji alikuwa anasema maili 40 kwa galoni, ila galoni ya kwao, ile kubwa. Na huyu ndiye aliyenichosha zaidi, maana Uingereza hakuna pampu ya gari inayouza galoni tena. Ananunua kwa lita, anajisifu kwa galoni. Nikamuuliza huwa anafanyaje. Akajibu kwamba hafanyi, gari ndilo linamwambia.

Nikazirudisha zote kwenye lugha ya utingo, lita moja kilomita ngapi. Corolla ya Buffalo, 15.3. Gari la Leicester, 14.2. La mwenye nyumba, 13.9. Shemeji akainuka kitini.

"Haiwezekani. Galoni ni galoni!"

Kijana mmoja akafungua simu yake, na ugomvi ukapata historia. Galoni ya Marekani ni galoni ya mvinyo ya Kiingereza, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1707 kuwa inchi 231 za ujazo. Wamarekani walipojitenga waliondoka nayo. Waingereza wenyewe mwaka 1824 wakatunga mpya, ya ujazo wa ratili kumi za maji. Shemeji akasikiliza, akasema kwa hiyo waliohama ndio walibaki na ya zamani. Akakaa, lakini hakukubali kwamba ameshindwa. Alikubali tu kwamba analipishwa.

Kwa sababu nilipogeuza bahasha nyuma nikaandika pesa. Kilomita 100 kwa gari la mdogo wangu, kama shilingi 16,300. Kwa binamu, 22,500. Kwa shemeji, anayenunua lita kwa pauni moja na peni 42, zilifika 34,700. Corolla ileile ningekuwa naiendesha Dar ingenila kama 20,900. Peni 52.95 katika kila lita ya shemeji mwaka ule zilikuwa ushuru wa mafuta, na bado kulikuwa na kodi nyingine juu yake. Ushuru wa serikali kuu ya Marekani ni senti 18.4 kwa galoni nzima, haujabadilika tangu mwaka 1993. Kwa lita haufiki hata senti tano. Majimbo yanaongeza ya kwao, lakini huwezi kulinganisha. Mafuta yanatoka ardhini kwa bei zisizopishana sana. Yanapishana yakifika kwa wenye karatasi.

Binamu, ambaye alikuwa kimya kwa kuwa wa mwisho, akaamua kutusimulia ya ndege. Tarehe 23 Julai 1983, Kanada ikiwa katikati ya kuhama vipimo, Boeing 767 mpya ilihitaji kilo 22,300 za mafuta kwenda Edmonton. Mafuta yalipimwa kwa lita, na kugeuza lita kuwa uzito walitumia namba ya ratili badala ya kilo. Ikapewa ratili 22,300, chini ya nusu ya ilichohitaji. Injini zilizimika hewani, futi 41,000, na rubani akaiserereza kama tiara mpaka Gimli, Manitoba, kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi ambacho siku hiyo watu walikuwa wanafanyia mashindano ya magari. Watu 69 ndani, hakufa hata mmoja. Gereji nzima ilinyamaza. Nikamfikiria tajiri wetu wa Dar na kalamu yake.

Harusi ilikuwa njema, sitaieleza, waliokuwepo wanajua.

Jumapili tukarudi. Sheli za kwanza baada ya daraja, nusu ya magari yaliyokuwa kwenye pampu yalikuwa na namba za Ontario. Nao wana kalamu zao. Mdogo wangu akasimama bila kuniuliza, nami nikakaa ndani bila kusema. Alijaza mpaka pampu ikajikata yenyewe. Galoni 10.1, dola 35 na senti kadhaa. Tangi la lita 50 limejaa.

Mtoto alikuwa amerekodi maili tangu tulipoondoka, kazi aliyopewa ili asilale. Maili 245, na mizunguko yote ya mjini imo humo.

"Bamkubwa, tumetumia galoni ngapi?"

Nikahesabu. Nusu tangi tuliyoondoka nayo, lita zangu za Fort Erie, toa zilizobaki kabla ya kujaza. Lita 25 na pointi nane.

"Debe moja na nusu kasoro kidogo," nikamwambia.

"Debe ni galoni ngapi?"

"Nne."

Akaandika kwenye daftari, akafikiri, akainua kichwa. "Za huku au za yule anko wa Leicester?"

Mdogo wangu akawasha gari.