Nilivyoizoesha kaktasi yangu jua la Dar bila kuiunguza

"Kaktasi ni ya jangwani, itupe juani tu, haifi." Wauza maua wa barabarani watakwambia hivyo huku za kwao wamezipanga chini ya neti nyeusi ya kivuli. Hata huko jangwani, miche mingi huanza maisha kivulini mwa vichaka. Iliyokulia kivulini ukiipeleka ghafla kwenye jua la saa sita, upande mmoja unapauka, unakuwa njano, halafu kahawia na mgumu. Kovu hilo halifutiki.

Yangu ni ile ya mviringo yenye miiba ya dhahabu, asili yake Meksiko. Bei yake ilikaribia ya kuku wawili hivi. Kabla ya kuuliza habari za maji nilimuuliza muuzaji ilikuwa inakaa wapi. Chini ya neti, akasema.

Basi nikachukua chandarua kuukuu, nikakikunja tabaka nne na kukifunga kwenye grili ya baraza upande wa mashariki, jua linakopiga tangu saa moja asubuhi hadi kama saa tano. Kila wiki nikawa naondoa tabaka moja. Raha ya mtindo huu ni kwamba hubebi chungu asubuhi na jioni ukichomwa miiba. Unachopunguza ni kivuli, mmea umetulia pale pale. Halafu nikachora alama kwa maka peni upande wa chungu unaotazama nje, maana wapo wanaokuja kufagia na kukigeuza. Wakati wa kuzoesha usikigeuze kabisa: mgongo wa kaktasi haujalijua jua. Ikishazoea, ndipo ugeuze robo mzunguko kila wiki mbili isiiname. Ngozi ikianza kuwa na wekundu au zambarau, rudisha tabaka moja.

Kupima mwanga, nyosha mkono sentimita 30 juu ya mmea saa sita mchana. Kivuli chenye kingo kali ni jua la kutosha. Chenye kingo za ukungu ni mwanga wa wastani. Usipoona kivuli, kaktasi itachongoka kichwani, itapauka, na miiba mipya itatoka myembamba. Watu hushangilia eti imekua! Inatafuta mwanga, na sehemu iliyokonda hainenepi tena.

Ushauri unaonikera zaidi ni wa "iweke dirisha la kusini". Huo ni wa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana hupita kusini mwaka mzima. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: kuanzia Oktoba hivi hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana liko kusini, miezi mingine liko kaskazini. Mwezi Juni dirisha la kusini haliguswi na jua hata kidogo. Mashariki ni ya uhakika mwaka mzima. Magharibi pia, ila jua lake linakuta ukuta umeshapata moto.

Masika yakiisha, usidhani mazoezi ya mwanzo bado yapo. Wiki za mawingu huulainisha mmea, kwa hiyo mimi hurudisha tabaka mbili hata kama mwaka jana ulikaa wazi. Wa Nairobi wafanye hivyo jua linaporudi Septemba, baada ya mawingu ya Juni hadi Agosti.

Kopo jeusi la plastiki nalo juani linachemsha mizizi. La kwangu nimelitumbukiza ndani ya chungu kikubwa cha udongo, pengo nikalijaza kokoto. Maji ni jioni, udongo ukiwa umekauka hadi chini.

Zile zenye kichwa chekundu zilizopandikizwa juu ya shina la kijani usiziingize kwenye zoezi hili. Kichwa hicho hakina kijani cha kujitengenezea chakula, na jua kali hukichoma upesi. Ziache nyuma ya tabaka mbili siku zote, pamoja na kaktasi ya Krismasi, ambayo kwao Brazili huota juu ya miti msituni.