Miligramu, mikrogramu na zile sifuri tatu zinazopotea

Jedwali la uzito tunalokariri shule ya msingi linateremka hivi: kg, hg, dag, g, dg, cg, mg. Ukishuka ngazi moja unazidisha kwa 10, ukipanda unagawanya kwa 10. Kufaulia mtihani linatosha. Dukani kwa dawa au bandani kwa mifugo linakwama, kwa sababu hektogramu na dekagramu hakuna anayeziuliza, ilhali mikrogramu, ambayo ndiyo inayoleta balaa, haimo kabisa. Jedwali linaishia miligramu.

Kwa kazi za uzito mdogo shika vipimo vitatu tu: gramu, miligramu, mikrogramu. Kati ya kimoja na kinachofuata ni mara 1,000. Gramu 1 ni mg 1,000. Mg 1 ni mikrogramu 1,000. Kwa hiyo gramu 1 ni mikrogramu milioni moja. Ukikutana na sentigramu kwenye kitabu cha zamani, cg 1 ni mg 10, basi, endelea na safari.

Kabla hujagusa kikokotoo jiulize: namba inatakiwa kukua au kupungua? Kipimo kikiwa kidogo zaidi, namba inakua. Wengi hukosea hapa. Wanasikia "ndogo" wanagawanya. Mg 0.25 ni mikrogramu 250. Kurudi juu ndiko kugumu zaidi: mikrogramu 75 ni mg ngapi? Utaona watu wanaandika 0.75, wakati jibu ni 0.075. Dawa ya kujaliza homoni ya tezi ya shingo, levothyroxine, hupimwa kwa namba za aina hii, na hapo kosa la sifuri moja ni dozi mara kumi. Andika 75 kama 0075, kisha rudisha nukta hatua tatu kutoka mwisho. Sifuri ya katikati haitapotea tena.

Uandishi wenyewe nao una mitego. Alama rasmi ya mikrogramu ni µg, lakini kwa mwandiko wa haraka ile herufi ya Kigiriki inageuka m, na mikrogramu 100 inasomwa mg 100. Ndiyo maana wafamasia wengi huandika mcg, na kwenye cheti cha mkono ni heri kuandika neno zima. Usiandike .5, andika 0.5, maana nukta iliyofifia inaacha 5. Usiandike 5.0 pia, inaweza kusomwa 50. Na kama unasoma karatasi iliyotoka Burundi, Kongo au Ubelgiji, kumbuka wanaofuata uandishi wa Kifaransa hutumia mkato pale sisi tunapoweka nukta. Kwetu 1,000 mg ni elfu moja; kwao yaweza kuwa moja kamili yenye desimali tatu.

Sasa tuingie bandani. Chupa ya kawaida ya sindano ya ivermectin, dawa ya minyoo, kwa mifugo imeandikwa 1%. Asilimia katika dawa ya maji maana yake ni gramu ndani ya ml 100, kwa hiyo 1% ni mg 1,000 katika ml 100, yaani mg 10 kwa kila ml. (Njia ya mkato: asilimia zidisha kwa 10, unapata mg kwa ml. Lidocaine, dawa ya ganzi, ya 2% ina mg 20 kwa ml.) Dozi ya ng'ombe kwa chupa hiyo ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya mwili. Dume wa kilo 180:

180 × 200 = mikrogramu 36,000
36,000 ÷ 1,000 = mg 36
36 ÷ 10 = ml 3.6

Kosa linaingia kati ya mstari wa pili na wa tatu. Mtu akishapata 36 anaona kazi imekwisha, anavuta ml 36. Mara kumi. Anayegawanya mara moja zaidi naye anachoma ml 0.36, minyoo inapona, na iliyopona ndiyo inayozaa kizazi kisichosikia dawa. Kwa hiyo hakiki kwa njia ya pili: lebo ya chupa hiyo husema ml 1 kwa kilo 50, na 180 ÷ 50 ni 3.6. Njia mbili zisipokubaliana, weka sindano chini. Zipo pia chupa za 3.15%, zenye mg 31.5 kwa ml na dozi ya mikrogramu 630 kwa kilo. Usihamishie huko hesabu ya chupa ya 1%.

Jambo jingine, kwa ufupi: uzito wa chumvi ya dawa si uzito wa madini yaliyomo. Kidonge cha kuongeza damu cha ferrous sulphate iliyokaushwa cha mg 200 kina chuma mg 65 hivi. Angalia dozi uliyopewa inataja kipi.

Baada ya hesabu kuna mizani, na hapa ndipo hesabu nzuri hufia. Mizani ndogo ya mfukoni inayoonyesha 0.01 g ina hatua ya mg 10. Chukua wazalishaji wa vifaranga vya sato wa dume tupu: kiwango kinachotumika sana ni mg 60 za methyltestosterone, homoni ya kiume, kwa kilo 1 ya chakula. Kwenye mizani hiyo mg 60 ni 0.06. Ikitetereka tarakimu moja tu, unaweza kuwa na mg 50 au 70, na hujui ni ipi. Tena mizani nyingi za bei nafuu hujirudisha sifuri zenyewe: ukidondosha unga kidogo kidogo karibu na sifuri, zinaumeza, kioo kinabaki 0.00. Pima chombo kitupu bila kubonyeza TARE (kitufe cha kurudisha sifuri), andika uzito wake, tia unga, pima tena, toa. Zima feni. Usitumie kijikopo chepesi cha plastiki siku ya ukavu, umeme tuli huvuruga usomaji. Na kuijua mizani kama inasema kweli, vuta ml 10 za maji safi kwa bomba la sindano uziweke kwenye kikombe kilichopimwa: ziongeze gramu 10 hivi, au pungufu kidogo sana ya hapo.

Suluhisho la wazalishaji hao wa vifaranga ni kupima kingi kisha kugawa kwa ujazo. Pima 0.60 g, ambayo tarakimu moja ya mizani haiyumbishi sana. Homoni hii haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo iyeyushe kwenye ethanoli kidogo, halafu ongeza ethanoli hadi jumla ifike ml 100. Ni hadi ml 100, si kumimina ml 100 juu yake. Sasa mg 600 ziko katika ml 100, yaani mg 6 kwa ml, na ml 10 zinabeba mg 60 za kilo moja ya chakula. Chakula cha kilo 5 kinataka ml 50. Ukiona ml 10 hazitoshi kulowanisha kilo nzima, zichanganye kwanza na ethanoli zaidi. Ujazo unaongezeka, mg zinabaki 60. Vaa glavu na barakoa, kausha kivulini mbali na moto.

Kwenye chupa usiandike "0.6%". Andika jina, tarehe, na "ml 1 = mg 6", ili atakayeishika kesho asilazimike kuanza hesabu upya akiwa amesimama kando ya bwawa.