Nzuri ipi?

Novemba 2018 nilipanda basi Mtwara mjini kwenda nyumbani, kijijini kwetu wilaya ya Tandahimba, kumwomba baba ada ya chuo. Jibu nilishalijua. Wakulima walikuwa wameikataa bei ya mnadani, na ingawa Serikali ilishatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, kwetu hela ilikuwa haijafika. Magunia yapo ghalani, mfukoni hamna kitu.

Bibi nilimkuta kwenye mkeka chini ya mkorosho, miguu kainyoosha, anachambua korosho. Nzima kulia, zilizosinyaa kushoto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Habari za safari?"

"Nzuri."

"Nzuri ipi?"

Ndivyo alivyokuwa. Wengine ukiwajibu nzuri wanaendelea: za watu, za kazi, za huko utokako. Bibi alisimama hapo hapo mpaka umtajie. Desturi hiyo aliitoa kwenye maji. Uwanda wa Makonde hauna mito, na enzi za usichana wake walishuka mabondeni kuyafuata, kisha wakapanda nayo kichwani. Wakitua mitungi katikati ya mlima, kila msichana alitaja kizuri kimoja alichokiona njiani, ndipo wanatwishana tena. Nimelifikiria sana hilo. Watoto wale wangeweza kutaja miba, na miba ilikuwepo.

Siku hiyo lakini swali liliniudhi. Vumbi limenijaa hadi kwenye kope, ada sina, halafu natafutiwa uzuri! Nikanyamaza. Naye akanyamaza, anachambua tu, hana haraka.

Ndipo nikamkumbuka mtoto wa Nanyamba.

Basi liliposimama pale alikuja dirishani na beseni la mabibo, yale matunda ya mkorosho, mekundu na ya njano, bado yana umande. Alikuwa na miaka minane, tisa hivi. Nilinunua mawili. Akayanyonga korosho moja moja, krak, akazitia mfukoni mwa kaptula. "Korosho za mama, bibo lako," akaniambia, na bei haikubadilika. Mimi nikalipeleka bibo mdomoni. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Kaka, toa kichwa nje kwanza! Shati lako jeupe."

Anayelijua bibo anajua doa lake, sabuni haliijui. Nikatoa kichwa dirishani, nikala nimeinama, maji yananichuruzika kwenye kidevu, ukakasi umenishika koo, na yule mtoto kasimama chini ananikagua kifuani. Basi likaanza kuondoka. Akakimbia nalo hatua kadhaa, anapiga kelele: "Halijadondoka! Halijadondoka hata moja!"

Nilipomaliza kusimulia bibi alilishika shati langu, akalikagua mbele, akaligeuza hadi mgongoni.

"Kweli," akasema. "Halijadondoka." Akacheka mpaka korosho zikachanganyika, ikabidi nikae nimsaidie kuzichambua upya.

Baba alirudi magharibi, anakokota baiskeli. Nilimwamkia. Akaniuliza chuo, nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, na habari ya ada ikaishia pale.

"Habari za ghalani?" bibi akamuuliza.

"Nzuri, mama."

"Ipi?"

Baba aliutazama mkeka muda mrefu. Sijawahi kumwona amechoka vile, na msimu huo nilimwona mara nyingi.

"Leo hamna, mama."

Bibi hakumbana. Alimsogezea kata ya maji, akaagiza chakula kiletwe. Tukala ugali wa muhogo na kisamvu, tukalala mapema kubana mafuta ya taa.

Alfajiri nikasikia dirisha linagongwa. Baba, kashika baiskeli.

"Ile nzuri ya jana," akasema kwa sauti ya chini. "Ilikuwepo. Natoka ghalani, kwale kakatiza njia na watoto wake. Nikashuka kwenye baiskeli wapite. Nikawahesabu saba. Naweka mguu kwenye pedali, akatoka wa nane, mdogo hivi," akanionyesha ncha ya kidole gumba, "anakimbia anaanguka, anakimbia anaanguka. Nikamngoja na yeye."

Akaiegemeza baiskeli ukutani, akaenda kugonga mlango wa bibi.