Siku moja ya mpima mto

Saa 12 asubuhi chai na maandazi mawili, saa 2 niko ndani ya Mto Ruaha Mdogo, suruali ya mpira imenifika kifuani. Ubao wa kina, ule wenye vipimo uliosimikwa mtoni, unasoma mita 1.32. Kamba tumeivuta ng'ambo hadi ng'ambo. Kila mita moja nasimama, napima kina, nashusha mita ya mkondo, kifaa chenye pangaboi dogo linalozungushwa na maji na kulia kadiri ya kasi yake, hadi sehemu sita ya kumi ya kina kutoka juu, nahesabu milio sekunde 60. Mara 22.

Mama aliyekuwa akifua akaniuliza, "Mwanangu, kwani wanakulipa kuhesabu maji?"

"Wananilipa mama, ila maji hayaishi."

Matokeo ya asubuhi nzima: mita za ujazo 11.4 kwa sekunde. Yaani nukta moja kwenye grafu yetu ya kina cha ubao na wingi wa maji yanayopita.

Saa 8 ofisini, na hapo ndipo siku iliponichosha. Kijana wetu mpya alikuwa ameshachora mstari wa kufuata nukta zetu 14 za awali. Polinomia ya digrii sita, mlinganyo unaojipindapinda kuzifuata nukta. "Kaka, imegusa karibu kila nukta!"

Nikamwambia aivute hadi mita 4, kina cha mafuriko, maana nukta yetu ya juu kabisa iko mita 2.1. Mstari ukapanda, ukageuka, ukazama chini ya sifuri.

"Kwa hiyo mto ukifurika maji yanarudi mlimani?"

Kimya.

Maji yakipanda, mto unapanuka na kasi inaongezeka kwa pamoja, ndiyo maana sisi hutumia mlinganyo wa kipeo: Q = a(h − h₀)ᵇ. Q ni maji yanayopita kwa sekunde, h ni kina kwenye ubao, a na b tunazitafuta kutoka kwenye nukta. Hiyo h₀ ni kile ambacho ubao ungesoma mto ukiacha kutiririka. Nikatoa penseli na karatasi ya logi, ambayo juu yake mlinganyo huu huwa mstari mnyoofu ukipata h₀ sahihi. Tukajaribu h₀ ya 0.20, nukta zikapinda kama upinde. 0.50, zikapindia upande wa pili. 0.35, zikanyooka kama uzi wa fundi mwashi. Kipeo, yaani b, 1.8.

Isipokuwa nukta ya Machi. Kijana akataka aifute. Tukabishana mpaka wenzetu wakaondoka na chai ikapoa. Nikafukua daftari la safari ile, mwandiko wangu mwenyewe umelowa tope: "Baada ya mafuriko. Mchanga umehama." Na kitanda cha mto kikibadilika, kina kilekile cha ubao hupitisha maji tofauti.

Giza likaingia. Nikaweka nukta ya leo. Haikukaa kwenye mstari; ilikaa pembeni, upande uleule wa ile ya Machi.